Chase H.Q. nyumbani: kompyuta dhaifu ilivyomkamata mhalifu

Mwishoni mwa 1989 kampuni ya Ocean Software ya Manchester, Uingereza, ilianza kuuza mchezo mmoja kwa kompyuta tano za nyumbani: Amiga, Atari ST, Commodore 64, Amstrad CPC na ZX Spectrum. Jina lilikuwa moja, Chase H.Q., mchezo wa polisi wanaofukuza wahalifu kwa gari, ambao Taito ya Japani iliutoa 1988 kwa ajili ya kumbi za michezo ya sarafu. Mtu aliyezijua mashine hizo angekupangia matokeo hata kabla kaseti haijaingizwa. Amiga ingeongoza na Spectrum ingeshika mkia.

Ikawa kinyume chake. Toleo linalotajwa kwa mapenzi hadi leo ni la Spectrum, likifuatwa kwa karibu na la Amstrad. Magazeti ya michezo ya Spectrum ya wakati huo, Crash na Your Sinclair, yaliusifu sana, na wasomaji wa Your Sinclair waliendelea kuuweka miongoni mwa michezo bora kabisa ya mashine yao miaka kadhaa baadaye. Matoleo ya Amiga na ST yalipita bila kishindo. La Commodore 64 linakumbukwa pia, ila kwa masikitiko.

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba waliotengeneza toleo la Spectrum walikuwa na kipaji. Ni kweli, lakini hayatuambii kipaji hicho kilifanya nini. Kuhamisha mchezo kutoka mashine ya ukumbini kwenda kompyuta ndogo ni kazi ya kutupa vitu, kwa sababu vyote haviwezi kuingia. Kwa hiyo kisa hiki nakichambua kwa kuangalia walichotupa na walichokataa kukitupa.

Mchezo ulivyokuwa ukumbini

Mchezaji ni polisi aitwaye Tony Gibson, na pembeni yake ameketi mwenzake Raymond Broady. Gari lao ni jeusi, limechorwa kwa umbo la Porsche 928. Kila kisa kinaanza na Nancy wa makao makuu akiita kwa simu ya upepo: kuna dharura, fulani anatoroka, gari lake ni la namna hii. Wa kwanza ni Ralph, mchinjaji wa Idaho, ndani ya gari jeupe la Kiingereza ambalo kila mpenda magari aliona ni Lotus Esprit. Baada yake anakuja Carlos, jambazi wa New York, na Lamborghini Countach. Wanafuata wauza dawa za kulevya wa Chicago, kisha mteka nyara wa Los Angeles, na mwisho jasusi kutoka kambi ya mashariki. Mwaka 1988 Vita Baridi ilikuwa bado inatafutiwa kazi kwenye kila aina ya burudani.

Mashine yenyewe ina usukani, pedali ya mafuta, pedali ya breki na mkono wa gia wenye nafasi mbili tu, chini na juu. Kichwani mwa mkono wa gia kuna kitufe cha turbo, msukumo mfupi wa kasi ya ziada. Turbo ni tatu, ukizimaliza zimekwisha.

Saa inaanza kwenye sekunde 60 na kushuka. Mhalifu humuoni. Unachoona ni barabara, magari ya watu wasio na kosa, na umbali unaopungua. Unafika njia panda, mshale unakuonyesha alikopita, na ukikosea unazunguka njia ndefu. Unapita mahandaki, unapanda vilima na kushuka. Halafu gari lake linatokea mbele yako, Raymond anatoa mkono dirishani na kubandika kimulimuli juu ya paa, king'ora kinalia, muda unaongezwa, na mchezo unageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Hadi dakika hiyo kugusa gari la mtu kulikuwa kosa linalokula sekunde zako. Sasa kugonga ndiyo kazi uliyotumwa. Unamsogelea kwa nyuma, unamgonga, anayumba, anachomoka, unamfuata tena. Kila pigo linajaza kipimo cha uharibifu pembeni mwa kioo cha mashine. Gari lake linaanza kutoa moshi, kisha moto, na kipimo kikijaa linasimama na pingu zinatoka. Saa ikiisha kabla ya hapo, ametoroka.

Michezo mingi ya barabara ya miaka ile ilitumia saa kupima mwendo. Out Run ya Sega, iliyotoka 1986, inakutaka ufike kituo kinachofuata kabla ya muda kwisha, ukifika unaongezewa, unaendelea. Ni safari. Chase H.Q. si safari hata kidogo. Ni dakika chache za kubishana na nafsi: nitumie turbo sasa nimfikie mapema, au niitunze kwa ajili ya kumrudia atakaponiponyoka? Aliyechoma turbo zote tatu kwenye nusu ya kwanza anamfikia Ralph akiwa na sekunde za kutosha na mikono mitupu. Anamgonga mara kadhaa, anabamizwa na lori, Lotus inatokomea, na hana cha kumrudishia. Sarafu nyingine inaingia.

Hapo kuna mambo mawili ambayo yakiondoka, mchezo umeondoka. La kwanza ni kasi unayoihisi, maana bila hiyo saa haina makali. La pili ni ule mgeuko wa katikati, kutoka kukwepa hadi kugonga. Mengine yote, pamoja na rangi, ni pambo. Najua wapo watakaoniambia rangi ndiyo iliyowavuta ukumbini. Iliwavuta, ndiyo, lakini sarafu ya pili hadi ya kumi ilivutwa na saa.

Kilichokuwa ndani ya kabati la Taito

Taito walitumia bodi inayojulikana kama Z System. Ina prosesa mbili za Motorola 68000, Z80 pembeni kwa ajili ya sauti, na chipu ya Yamaha YM2610 inayopiga muziki pamoja na sauti za watu zilizorekodiwa. Ina pia chipu yake maalumu ya kuchora barabara, na nyingine za kukuza na kupunguza picha za magari kadiri yanavyokaribia au kwenda mbali.

Hilo la kukuza picha ndilo zito. Barabara ya aina hii haina ujazo wa kweli. Inachorwa mstari kwa mstari kutoka chini ya kioo kwenda juu, kila mstari mwembamba kuliko uliotangulia. Kona inapatikana kwa kusogeza kila mstari kidogo upande mmoja, na kilima kwa kuibana au kuitanua nafasi kati ya mistari. Hesabu yake ni nyepesi. Taabu ni magari, miti na nguzo zinazopaswa kukua vizuri kutoka nukta ndogo hadi dude linalojaza robo ya kioo. Ukumbini chipu zilifanya kazi hiyo bila prosesa kusumbuka. Nyumbani, mwaka 1989, hakuna hata moja kati ya kompyuta zile tano iliyokuwa na chipu ya namna hiyo. Hata Amiga, yenye blita ya kuhamisha picha haraka, haikuweza kuzikuza zenyewe. Ilibidi kila saizi ichorwe mapema na ihifadhiwe kwenye memori.

Kwa hiyo mbele ya tatizo gumu kuliko yote, mashine zote tano zilikuwa karibu sawa. Ubora wa Amiga ulikuwa kwenye rangi na sauti, yaani kwenye pambo.

Spectrum: walichokitupa

Programu ya toleo la Spectrum iliandikwa na John O'Brien na picha zikachorwa na Bill Harbison. Mashine waliyopewa ina prosesa ya Z80 inayokimbia kwa megahezi 3.5 na memori ya KB 48, ambayo ndani yake kioo nacho kinadai sehemu yake. Haina spraiti za mashine, yaani picha ndogo ambazo chipu inazisogeza yenyewe, wala msaada wowote wa kusogeza picha. Kila nukta inayobadilika kwenye kioo imebadilishwa na Z80 kwa mkono wake.

Halafu kuna suala la rangi. Kioo cha Spectrum ni nukta 256 kwa 192, lakini rangi haziwekwi kwa nukta. Zinawekwa kwa visanduku vya nukta 8 kwa 8, na kila kisanduku kinaruhusu rangi mbili tu. Gari jekundu likipita mbele ya mti wa kijani, wekundu unamwagikia mti au ukijani unamwagikia gari. Kwenye mchezo wa taratibu unaweza kulipanga hilo usilione. Kwenye barabara inayokujia mbio na magari matano yanayokua kwa wakati mmoja, huwezi.

O'Brien na Harbison waliitupa rangi. Magari na barabara vikachorwa kwa nyeusi juu ya rangi bapa ya nyuma, huku rangi zikibaki kwenye ubao wa juu wenye saa, pointi, gia na turbo. Ukitazama picha ya gazetini unaweza kuuhurumia. Uucheze dakika moja, huruma inaisha.

Kwa sababu uamuzi huo haukuwa wa kuficha aibu tu, ulileta faida ya hesabu. Picha nzima ya Spectrum, bila rangi, ni baiti 6,144. Ukiongeza za rangi 768 unapata 6,912. Amstrad CPC inahitaji KB 16 kwa kioo chake. Z80 ya Spectrum, ingawa kwenye karatasi ni ya polepole kidogo kuliko ya Amstrad, ina mzigo usiofika nusu ya ule wa mwenzake. Ukiacha kugusa rangi wakati mchezo unaendelea, unabaki na zile 6,144 peke yake, na ubao wa juu ukiutoa ni chache zaidi. Umaskini wa mashine ukageuka kasi. Programu iliyoandikwa kwa kujua hilo inaweza kuchora barabara yenye kona, vilima na mahandaki, ikajaza magari makubwa, na bado ukahisi upepo.

Kazi ya Harbison ilikuwa ngumu kwa namna yake. Ukiwa na nyeusi na rangi moja tu, Lotus unaitofautishaje na gari la mwalimu anayerudi nyumbani? Kwa umbo. Magari yake yana migongo inayotambulika, vivuli vya nukta vilivyopangwa kwa akili, na uzito. Moshi unaonekana ni moshi na moto unaonekana ni moto. Mhalifu anapotokea huna haja ya kuuliza ni yupi.

Walichokataa kukitupa

Hapa ndipo naona akili yao hasa. Mashine ya KB 48 ilikuwa na kila kisingizio cha kufuta mambo madogo. Njia panda zingeweza kuondolewa, mahandaki pia, na Raymond angeweza kubaki jina kwenye karatasi ya maelekezo. Havikuondolewa. Njia panda zipo, kwa hiyo kosa la sekunde moja bado linakugharimu. Mahandaki yapo. Kimulimuli kinawekwa juu ya paa. Nancy anakuita mwanzoni mwa kila kisa, na kwenye Spectrum ya baadaye, yenye KB 128, anakuita kwa sauti iliyorekodiwa, jambo ambalo kwa mashine ile lilikuwa la kushangaza. Kwenye KB 48 maneno yanaandikwa, unayasoma.

Watu huziona sauti hizi kama madoido. Mimi nazihesabu kwenye moyo wa mchezo, kwa sababu ndizo zinazotangaza mgeuko. Bila Nancy hujui unamfukuza nani wala kwa nini ana haraka kuliko wewe. Bila kimulimuli, nusu ya kwanza na nusu ya pili zinaungana kuwa barabara moja ndefu yenye magari. O'Brien na Harbison walielewa kwamba kile kimkono kinachotoka dirishani kinafanya kazi kubwa kuliko rangi ya mbingu.

Bei yake ilikuwepo. Wenye KB 48 walipakia visa kutoka kwenye kaseti kimoja kimoja, na ukishindwa ukataka kuanza upya unarudisha kaseti nyuma. Uvumilivu wa watoto wa miaka ile ni somo la kando.

Amstrad, kwa kifupi

Amstrad CPC ina Z80 pia, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliweza kuhamishwa, na picha ni ndugu za zile za Spectrum zilizoongezewa rangi. Kioo kizito kilipunguza mwendo, lakini mifupa ilikuwa ile ile na mchezo ulisimama. Wenye CPC walikuwa wamezoea kupewa makombo ya Spectrum, na huu ni mmoja kati ya michezo michache ambayo waliyapokea makombo hayo kwa shukrani.

Commodore 64: je, lawama ni ya mashine?

Utetezi wa toleo la C64 unajulikana. Prosesa yake ni ya takriban megahezi 1. Spraiti zake nane ni nzuri kwa michezo ya kukimbia kulia na kushoto, ila ni ndogo, nukta 24 kwa 21 kila moja, na hazikui taratibu. Mchezo wa magari makubwa yanayokuja usoni unaikuta mashine hiyo upande wake dhaifu. Hayo yote ni sahihi.

Lakini hayatoshi kuiokoa. Buggy Boy ilikuwa imeshatoka kwenye C64 ikiwa na barabara ya kasi na vitu tele pembeni. Mwaka huo huo wa 1989 Chris Butler alitoa Power Drift kwa C64, mchezo wa Sega ambao ukumbini ulikuwa mgumu kuhamisha kuliko Chase H.Q., wenye barabara zinazopanda na kushuka kama zimejengwa kwa mbao hewani, na akaufanya ukimbie. Mashine iliweza. Toleo la Chase H.Q. lilikwenda kwa kusuasua, magari yakiruka kutoka saizi moja hadi nyingine, na mgongano usiokuwa na uzito. Sekunde 60 ni zile zile, lakini ukizitumia kwenye barabara isiyokimbia zinakuwa za kungoja badala ya kuwahi.

Ukilinganisha na Spectrum unaona tofauti ya falsafa. C64 ilibaki na rangi na ikapoteza kasi. Sina shaka ni biashara mbaya.

Amiga na ST

Hapa lawama ni ndogo na huzuni ni kubwa. Matoleo haya mawili yanafanana, jambo lililokuwa la kawaida wakati ule: mchezo unaandikwa ukiwa na ST kichwani, kisha unahamishiwa Amiga bila kuzitumia chipu zake za ziada. Rangi zipo, sauti ni safi. Kinachokosekana ni ule msukumo wa mgongoni. Unamgonga Ralph na unahisi umegusa picha.

Mwaka uliofuata, 1990, Magnetic Fields walitoa Lotus Esprit Turbo Challenge kupitia Gremlin, na wenye Amiga wakaona barabara inavyopaswa kwenda kwenye mashine yao. Kichekesho ni kwamba gari lililoonyesha uwezo huo ni lile lile la Ralph.

Konsoli

Taito wenyewe walishughulika na konsoli, mashine za nyumbani za kuchezea michezo tu. Famicom ilipata toleo lake nchini Japani mwaka 1989 na PC Engine 1990. Game Boy, Master System na Game Gear zikafuata. La PC Engine ndilo lililo karibu zaidi na ukumbi kwa sura, na linachezeka vizuri. La Game Boy linanivutia kwa sababu linakabili swali lile lile la Spectrum, kioo kisicho na rangi, ila kwenye kioo kidogo mno, kiasi kwamba gari la mhalifu likiwa mbali hulisomi.

Mega Drive ilipata mchezo uliobadilishwa zaidi mwaka 1992, ukiitwa Chase H.Q. II Marekani na Super H.Q. Japani. Mchezaji anachagua chombo: gari la mbio, gari la magurudumu manne ya kuvuta, au lori. Wazo la lori ni la kufurahisha kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba linalegeza ule ubishi wa turbo, maana sasa uamuzi mkubwa unaufanya kwenye menyu kabla saa haijaanza kuhesabu.

Super Nintendo ilipata Super Chase H.Q. mwaka 1993, ikifuata njia ya Super Chase: Criminal Termination ya ukumbini ya 1992. Unatazama barabara ukiwa ndani ya gari, usukani na dashibodi mbele yako. Kwa karatasi ni hatua mbele. Kwa mikono, naona waliondoa kitu kilichofanya mgongano ueleweke: gari lako mwenyewe. Ulipoliona kwa nyuma ulijua pua yake iko wapi na umebakiza kiasi gani kumfikia. Ukiwa ndani, gari la mhalifu linakua kwenye kioo hadi linatikisika, na unakisia.

Nyumbani ukumbi ulifika kwa ukamilifu kwenye Sega Saturn mwaka 1996, Japani, diski moja ikibeba Chase H.Q. pamoja na mrithi wake wa 1989, S.C.I., ambao unaongeza bunduki. Kufikia hapo hapakuwa na cha kutupa tena, mashine ilimudu kila kitu, na watu walikuwa wameshahamia kwenye magari ya poligoni, yaliyojengwa kwa maumbo yenye ujazo wa kweli.

Ukitaka kuupima mwenyewe

Usianze na toleo lenye picha nzuri. Anza na la Spectrum ya KB 128 kwenye emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, ili Nancy akuite kwa sauti. Weka turbo kwenye kitufe utakachokifikia bila kutazama, usitumie hata moja kabla ya kumuona Ralph, na kwenye njia panda ya kwanza ufuate mshale. Kisha fungua la Amiga, kisa hicho hicho, mbinu hiyo hiyo, na uangalie mkono wako unashika turbo ya mwisho kwa nguvu kiasi gani katika kila moja.